Korona iliisha, mimi bado: jibu kwa mdogo wangu wa Malindi

Mdogo wangu, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza jikoni, nikausikiliza tena kitandani. Umeuliza mawili. La kwanza, kama uje Italia kutunza wazee, maana Kitaliano umeshakishika pale hotelini na watu wamekwambia kazi hii inalipa. La pili ukalizungukazunguka: eti ni kweli yasemwayo mtaani kwetu Maweni, kwamba korona ilinipata kichwani, ndiyo maana nikija nyumbani sikai arusini na usiku wa manane naonekana barazani peke yangu? Naanza na la pili, kwa sababu jibu la kwanza limo humo.

Sikurukwa na akili. Naumwa, na ninachoumwa kinatibika. Wapelekee habari hiyo wanaouliza.

Nilikuwa bonde la Seriana, jirani na mji wa Bergamo, kaskazini mwa Italia. Nyote mliona picha ya malori ya jeshi usiku wa tarehe 18 Machi 2020, yakitoa majeneza Bergamo kuyapeleka miji mingine kwa kuwa mahali pa kuchomea maiti pamezidiwa. Siku hizi kila tarehe 18 Machi Italia nzima huwakumbuka waliokufa. Mimi malori sikuyaona. Nilichokuwa nacho ni ving'ora. Bonde ni jembamba, sauti haina pa kwenda, na ilikuwa mchana ving'ora, usiku ving'ora. Nilifika mahali nikawa najua kwa mlio tu kama gari linapanda kumfuata mtu au linashuka naye.

Bibi niliyemtunza alikuwa na ada yake: kila asubuhi anavaa miwani, anafungua kurasa za tanzia za gazeti la mji, L'Eco di Bergamo, anasoma nani kafa huku anachovya biskuti kwenye kahawa ya maziwa. Mwezi ule kurasa hizo, zilizokuwa moja au mbili, zilifika kumi kwa siku. Akawa anasoma majina ya aliosoma nao shule, ya aliyemshonea nguo ya arusi. Nikaanza kulificha gazeti chini ya sinki. Bintiye alileta chakula akakiacha kwenye ngazi, tukapungiana mikono dirishani. Kutoka nje hutoki mpaka ujaze fomu ya kueleza unakwenda wapi na una haja gani.

Alipoanza kukohoa, wakaja watu wawili waliojifunika kwa nguo nyeupe toka kichwani hadi miguuni, hujui mume wala mke. Wakamuuliza mimi ni nani kwake. "Huyu ni wangu," akasema. Garini hawakunipandisha. Hakurudi. Kilichorudi, baadaye sana, ni mfuko wa hospitali uliofungwa: miwani, meno ya bandia, rozari, soksi moja. Akapewa bintiye. Mazishi ya watu kukusanyika yalikuwa yamepigwa marufuku.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo wengi wa nyumbani hunipotea. Kwetu mtu akifa mtaa mzima unaingia. Kuna matanga, kuna khitma, wanawake wanakaa nawe mkekani, hata usiyemjua anakupa mkono wa pole. Mimi simu moja iliniambia nimefiwa na mtu niliyemwogesha, nikamlisha, nikalala naye chumba kimoja. Simu hiyohiyo ilikuwa imenifuta kazi. Na imeniondolea nyumba, kwa kuwa badante, yaani mtunza mzee wa kulala humo humo, hana kwake. Mzee akienda na paa limekwenda. Pole zote zilimwendea bintiye, na ni haki yake. Mimi si jamaa. Nani angekumbuka kunipa mkono?

Nyumbani nako, wallahi siwalaumu. Machi hiyohiyo Kenya ilisimamisha ndege za abiria kutoka nje, na tarehe 8 Aprili kaunti yetu nzima ya Kilifi ikafungwa, huingii wala hutoki. Watalii wa Kitaliano hawapo, hoteli zimefungwa, mpishi, mlinzi na kijana wa ufuoni wote wamekaa. Basi kila simu niliyopokea ilikuwa ya unga, ya kodi, ya dawa za baba. Najibu "salama, alhamdulillahi", natuma nilichonacho, nakata simu. Ningewaambiaje kwamba silali?

Hadi leo king'ora kinanitoa jasho viganjani, hata kikilia kwenye televisheni. Saa tisa usiku macho haya hapa. Ile arusi mliyoninung'unikia, ukumbi ulijaa na mtu alikuwa akikohoa nyuma yangu. Nilitoka kwa kukosa pumzi, si kwa dharau. Kwa muda mrefu ulikuwa mwili tu: tumbo, kichwa, moyo kwenda mbio. Nilipimwa vyote, vyote vizima. Mwisho daktari akaacha kuuliza panauma wapi, akauliza nani alikufa.

Si mimi peke yangu. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2022 kwamba katika mwaka wa kwanza wa korona, wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25. Na sisi wa kazi hii korona ilitukuta paa linavuja tayari. Tangu mwaka 2005 madaktari wawili wa akili wa Ukraine walikuwa wameupa jina, "sindromu ya Italia", ule unyonge na kukosa usingizi waliouona kwa wanawake waliorudi makwao baada ya miaka ya kutunza wazee huku. Wakati huo korona hakuna aliyeiota hata ndotoni.

Mwaka 2022 serikali ya huku ilianzisha posho ya kumlipia mtu mwanasaikolojia, mwanzoni isiyozidi Euro 600. Waombaji walikuwa wengi kuliko fedha. Mimi nilimpata mama mmoja mtu mzima, hana haraka. Alitaka nimweleze maziko ya kwetu yanavyokwenda, toka kuosha hadi khitma. Nilipomaliza akauliza: na huyu bibi, ulimfanyia lipi katika hayo? Basi nikapika sambusa, nikamwita bintiye na majirani wawili, tukakaa tukamsema marehemu mpaka jioni, kucheka na kulia. Usinidhanie nilipona siku ile. Usingizi ulirudi kidogokidogo, na usiku mwingine bado hauji.

Mama mkubwa alinipeleka kusomewa, akasema ni jini. Sikubishana, na kisomo kilinituliza, nitasema uongo nikikana. Lakini na ninyi tazamaneni. Mjomba, tangu hoteli yao ifungwe isifunguliwe tena, anashinda barazani hasemi na mtu, mnasema presha. Mpimeni presha, kisha mtu mmoja akae naye amuulize. Kamati ya serikali yetu wenyewe ilipendekeza Julai 2020 kwamba magonjwa ya akili yatangazwe dharura ya taifa; Malindi bado ukimtajia mtu Port Reitz, hospitali ya Mombasa yenye matibabu ya akili, anaona umemtukana.

Haya, uje? Pesa ipo, si uongo. Ila uje kwa viza ya kazi na mkataba, usije kwa utalii ukajificha. Mkataba wa wafanyakazi wa nyumbani wa huku unasema anayelala kazini asizidi saa 54 kwa wiki, na apumzike saa 36: Jumapili nzima, na nusu siku nyingine. Hizo saa 36 usimuuzie mtu, hata akikuongeza pesa na hata mzee akilia. Ndizo utakazokutana na wenzio. Sisi hukaa bustanini, Waukraine, Wabolivia waliojaa Bergamo, na mimi Mmalindi, kila mmoja anamsema mzee wake, na akifiwa tunamchangia na tunamlaza kwetu mpaka apate pengine.

Nitumie picha ya mkataba kabla hujatia sahihi, niusome. Ajenti akikwambia hakuna haja ya mkataba, mkatie simu.