Jibu: Je, "yayin" ni juisi tu ya zabibu?

Mkuu, umeuliza kama yayin, neno la Kiebrania linalotafsiriwa "divai" kwenye Agano la Kale, inaweza kuwa juisi isiyolevya. Kwa maoni yangu, hapana. Mara ya kwanza inapotajwa, Mwanzo 9:21, Nuhu anainywa na kulewa hadi analala uchi hemani. Hiyo si juisi.

Angalia pia Hesabu 6:3, sheria ya Mnadhiri (mtu aliyejitenga kwa ajili ya Mungu kwa nadhiri). Anakatazwa yayin, anakatazwa na shekari (kileo kingine), halafu maji ya zabibu yanatajwa peke yake. Kama yayin ingekuwa juisi, kuyataja tena kungekuwa na maana gani? Na mnyweshaji wa Farao, Mwanzo 40:11, alipokamua zabibu kikombeni, neno yayin halipo kabisa.

Labda unachanganya na tiroshi, divai mpya, ambayo huandamana na nafaka na mafuta kama mazao ya shamba (Kumbukumbu 7:13). Isaya 65:8 inasema tiroshi imo kwenye kichala chenyewe! Ila nayo Hosea 4:11 inaiweka pamoja na yayin kwa kuondoa akili, kwa hiyo usiikimbilie haraka.

Kuhusu kunywa au kutokunywa, huo ni mjadala mwingine. Yayin hiyohiyo ilimiminwa kama sadaka kwa Mungu, Hesabu 15:5.