Mwanangu, kabla hujajiita kocha

Mkomani, Lamu

Mwanangu Zuhura,

Nakuandikia maana kwa simu hunipi nafasi. Waniuliza jambo, nikifungua mdomo ushanijibia. Usinune, nitalirudia hili.

Umeniuliza: "Mama, waona niko tayari kuacha kazi ya benki niwe kocha?" Babako aliposikia akauliza, kocha wa timu gani? Nikamweleza ni mtu wa kukaa na mwenzake saa nzima, akimuuliza mpaka ajionee njia yake mwenyewe, ya kazi au ya maisha. Akasema, "Si ndiyo kazi yako ya usomo hiyo, ya kufunda wari kabla ya ndoa?"

Siyo. Somo hufunda; majibu anayo kabla hajaulizwa. Kocha hana jibu la mtu, na hapo ndipo nina neno nawe.

Kuna mwari mmoja nilimfunda, si wa mtaa wetu. Siku ya tatu namsugua singo ya kulainisha ngozi mgongoni, viganja vimejaa liwa, akasema, "Somo, na mtu akiwa..." Nikamkatiza. Nilidhani ni lile swali la wari wote. Nikasema mpaka singo ikamkaukia mwilini. Akaitikia, "Ndiyo, somo," akanyamaza. Ndoa haikufika mwaka. Alipokuja kunisalimu baadaye ndipo akanambia: aliahidiwa ataendelea na masomo, kisha ahadi ikageuzwa, naye alitaka kuuliza amwambie nani. Nilikuwa pale pale nyuma yake, mwanangu, na sikumsikia.

Zile karatasi za ICF, shirika la kimataifa la makocha, ulizonitumia nimezisoma. Kwa cheti chao cha kwanza, ACC, wataka saa 60 za mafunzo na saa 100 za kazi yenyewe, na watu wasiopungua wanane. Saa 60 hazinitishi, darasani hukuwahi kunitia hofu. Lakini katika hizo 100, saa 75 ziwe za kulipwa. Mimi usomo wangu nilipewa leso na bahasha, bei sikuitaja hata siku moja. Wewe itakubidi uitaje, umkazie mtu macho, bila kucheka-cheka wala kumpunguzia kabla hajaomba. Jaribu kuisema mbele ya kioo.

Halafu kuna saa 10 na mlezi, kocha mzoefu, zigawanywe kwa muda usiopungua miezi mitatu, akusikilize ukifanya kazi na akwambie ulipoharibu. Nilipokwambia biriani lako limelowa ulininunia wiki nzima.

Siri unayo, hilo nakupa. Jambo la shangazi yako lilikaa kifuani mwako miaka mitatu na mimi mamako sikulijua. Wengi hapo ndipo huanguka.

Ila ujue na mpaka. Akikujia mtu asiyelala usiku, asiyekula, au anayezungumza habari za kufa, huyo si wako, mpeleke kwa mwenye elimu yake. Washauri nasaha na wanasaikolojia hapa Kenya wana sheria yao tangu 2014. Ukocha hauna, yeyote aweza kutundika bango lake kesho. Kwa hiyo hakuna atakayekuzuia, ndipo nakuzuia mimi.

Jibu langu basi: bado. Kazi ya benki usiiache, maana ada ya mdogo wako yatoka humo. Anza na watu wawili watatu jioni, kwa malipo japo madogo, uone kama wanarudi. Na uone kama wewe mwenyewe wawangoja kwa hamu au waombea wasije.

Ukija mwisho wa mwezi, Athmani ana shauri lake: auze punda wake wawili anunue mashine ya boti, au asiuze. Kaa naye barazani saa moja. Muulize tu. Usimwambie auze, usimwambie asiuze, na usimalizie sentensi yake hata akigugumia. Mimi nitakuwa dakani napepeta mchele, masikio yangu yako nje.

Usikose boti ya alasiri pale Mokowe. Na uniletee liwa, ya hapa imepanda bei.

Mamako