Ganzi ya Kifua Ni kwa Ajili ya Pumzi

Shikamoo, daktari. Mama amepasuliwa pafu juzi na hataki kuomba dawa, anasema maumivu ni ya kuvumilia. Nimwache?

Marahaba. Usimwache hata kidogo. Aliyepasuliwa kati ya mbavu huvuta pumzi fupifupi kwa kuogopa mshono, na asipokohoa, makohozi hukaa, sehemu ya pafu hunywea na nimonia huingia. Ganzi inayochomwa karibu na mishipa ya fahamu ya mbavu haikusudiwi kumstarehesha kitandani, bali kumwezesha kukohoa, kuketi na kutembea mapema. Kwa hiyo usimuulize maumivu akiwa ametulia. Mwambie akohoe huku amekumbatia mto kifuani, ndipo umuulize. Ikiwa hawezi, mwite muuguzi papo hapo. Wala usimnunulie diklofenaki, dawa ya maumivu, dukani kwa siri, maana figo za mtu aliyetoka upasuaji huumia upesi.

Sindano ipi ya ganzi ni bora kuliko zote?

Swali hili huletwa kila mara bila umri, bila aina ya upasuaji, bila orodha ya dawa, nami siwezi kulijibu hivyo. Epidurali, yaani ganzi inayochomwa mgongoni kwenye nafasi inayozunguka uti wa mgongo, hutuliza pande zote mbili, lakini huweza kushusha presha na kuzuia mkojo. Ganzi ya upande mmoja, kando ya uti wa mgongo, mara nyingi hutuliza vizuri bila kuyumbisha presha kiasi hicho. Ile ya chini ya msuli wa mgongoni, iliyoelezwa mwaka 2016, huchomwa kwa kuongozwa na ultrasaundi, mbali zaidi na uti, ingawa utulivu wake hutofautiana. Anayetumia warfarini au heparini, dawa za kuzuia damu kuganda, aseme mapema, kwa kuwa damu ikivuja ndani ya uti wa mgongo, miguu yaweza kupooza.

Usiku wa manane maumivu yalirudi kwa ghafla. Nilikosewa?

Ganzi ya sindano moja huisha kwa saa kadhaa. Kosa ni kutoanzishiwa dawa nyingine kabla haijaisha.

Bega linauma ilhali nilipasuliwa kifuani.

Maumivu hayo hupitia mshipa wa fahamu wa kiwambo, yaani msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, mshipa ambao chimbuko lake ni shingoni, hivyo ganzi ya kifuani haiufikii. Mwambie muuguzi.

Miezi 5 imepita na kovu bado linawaka nikiguswa na shati.

Maumivu yanayopita miezi 3 ni ugonjwa wenye tiba yake, na dawa zake ni za mishipa ya fahamu, si kuongeza panadoli. Rudi kliniki wiki hii.