Ukuta wa nyumba ya babu unatoka chumvi, tupige plasta ya simenti?

SWALI: Shikamoo fundi. Tumehamia Bagamoyo toka Dar mwezi wa sita, tuko kwenye nyumba ya marehemu babu huku Mji Mkongwe, nyumba ya mawe ya zamani, kuta nene mpaka mtoto anakaa dirishani. Kabla hatujahamia tulipiga rangi ya silki ndani kote. Sasa hata miezi minne haijaisha rangi imevimba malengelenge kuanzia chini mpaka usawa wa kiuno, ukigusa inadondoka na nyuma yake kuna unga mweupe kama chumvi, alafu chumba kinanuka uvundo. Fundi wa hapa kasema tubandue yote tupige plasta ya simenti kali yenye dawa ya wotaprufu, katupigia laki nane na kitu. Tufanye? Alafu boriti moja ya chumbani inamwaga vumbi, na bomba la bafuni mara nyingine linatekenya ukilishika.

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni na hongereni kwa kuhamia. Naanza na hilo uliloliweka mwisho kama dogo, maana ndo litakaloua mtu. Bomba linalotekenya lina umeme. Leo hii zima swichi kubwa, watoto wasiguse bomba wala koki, na muite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, sio kijana wa mtaani mwenye testa mfukoni. Nyumba nyingi za umri huo waya wake ni wa zamani, ganda lake ni mpira ambao ukiukunja unapukutika kama biskuti, na mara nyingi ethi, ule waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini, haipo kabisa au ilikuwepo ikaoza. Sasa waya uliochubuka ukikaa ndani ya ukuta uliolowa, tena wenye chumvi, umeme unatembea kwenye ukuta mpaka kwenye bomba. Mwambie apime ethi, na aweke ile breka inayokata umeme ukianza kuvuja, ya miliamp 30. Akikuta fyuzi za zamani zimefungwa waya mnene badala ya waya wake, atoe zote. Hela ya rangi, hela ya plasta, vyote vikae kando mpaka hili liishe.

Sasa ukuta. Jibu langu ni hapana, usipige simenti, na naomba unisikilize kwa nini, maana fundi wako sio mwongo wala mwizi, kafundishwa kujenga na tofali za bloku na kwenye bloku hilo analosema linafanya kazi. Nyumba ya babu sio bloku. Ile ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa na chokaa na mchanga, na ukuta una unene wa nusu mita hivi au zaidi. Nyumba kama hizo hazikuwekewa nailoni wala lami kwenye msingi kuzuia maji. Zilijengwa zikijua maji yatapanda na zikaachiwa njia ya kuyatoa. Chukua kibatari uangalie utambi, mafuta yako chini ila utambi umelowa mpaka juu. Jiwe la tumbawe lina vitundu vingi na chokaa nayo hivo hivo, maji ya ardhini yanapanda kama mafuta ya taa kwenye utambi. Yakifika juu kidogo yanakutana na hewa, yanatoka nje kama mvuke, ukuta unabaki na unyevu wake mdogo chini ambao hausumbui mtu. Miaka yote hiyo babu alikuwa anapaka chokaa tu kila baada ya muda, na chokaa inapitisha huo mvuke.

Nyie mkaja na silki. Rangi ya silki ni kama kuuvalisha ukuta mfuko wa nailoni, mvuke ukija unakuta mlango umefungwa. Na maji hayapandi peke yake, yanapanda na chumvi ya ardhini, ya hewa ya bahari, na mara nyingine ya mchanga wa pwani uliotumika kujengea. Maji yakikauka chumvi inabaki, inaganda kuwa vichembe, vichembe vinakua na vinasukuma. Hiyo ndo nguvu iliyovimbisha rangi yenu. Fanya hivi, chukua kijiko ukwangue ule unga mweupe kidogo kwenye kiganja, uangalie kwenye jua la dirishani, utaona vinang'aa kama sindano ndogo ndogo au kama sukari laini. Ukishaviona hutauliza tena kwa nini rangi haishiki.

Simenti kali na wotaprufu itafanya kitu kile kile ila kwa ubishi zaidi. Maji hayatatoka pale chini kwa hiyo yatapanda kutafuta pa kutokea, na yatatokea juu ya pale plasta ilipoishia. Nimelifanya kosa hili mwenyewe, nyumba moja hapa Tanga mjini upande wa bandarini, enzi hizo naanza kazi. Nilipiga simenti sentimita mbili kuzunguka vyumba vyote mpaka kiunoni, ikatoka nzuri nikashukuriwa. Masika ya pili nikaitwa, unyevu umefika usawa wa dirisha, na nilipotindua plasta ilitoka mabamba makubwa imebeba uso wa mawe nyuma yake, kwa sababu simenti ni ngumu kuliko tumbawe na ikiachia haiachii peke yake. Mwenye nyumba alilipa mara mbili kwa ajili yangu na mpaka leo nikipita ule mtaa naiangalia ile nyumba. Ndo maana nakuandikia kirefu hivi.

Kwa hiyo kwanza tafuta maji yanatoka wapi, maana chokaa yenyewe nayo haitasaidia kama kuna mtu anamwaga ndoo kwenye msingi kila siku. Toka nje uzunguke nyumba taratibu. Angalia usawa wa ardhi ya nje na sakafu ya ndani. Mji Mkongwe miaka inavyokwenda njia zinainuka, kifusi, mchanga, matengenezo ya barabara, unakuta nje kuko juu kuliko ndani, yani udongo umeegemea ukuta na unaunywesha. Kama ndo hivo chimbeni mtoe udongo ushuke chini ya sakafu angalau sentimita 15 au 20, muuelekeze maji yaende mbali. Na kama kuna mtu aliwahi kumwaga zege kuzunguka nyumba ili kuwe kusafi, hiyo zege inazuia ardhi kupumua na maji yote yanakimbilia kwenye ukuta, ivunjeni ukanda wa kama nusu mita kando ya ukuta mjaze kokoto. Baraza msiiguse, ile ya zamani ya mawe iacheni. Alafu mvua ikinyesha toka na mwavuli uangalie paa linamwaga wapi, bati likimwaga chini ya ukuta kila mvua weka gata. Bomba la ndani pia, funga koki zote usiku uangalie mita ya maji, ikiendelea kuzunguka kuna bomba limeoza ndani ya ukuta, na mabomba ya chuma ya zamani yanaoza kweli kwa chumvi hii. Tena hilo bomba linaweza kuwa ndugu wa lile linalotekenya.

Hizo kazi fanyeni sahivi kabla vuli haijakolea, ni jembe na nguvu tu, hela kidogo.

Rangi na plasta iliyooza tindueni, mpande juu ya mstari wa unyevu kama nusu mita, kwa tindo na nyundo ndogo taratibu, msitumie mashine ya kuvunja zege. Chumvi inayobaki ipigwe brashi kavu ya nyuzi ngumu, ifagiliwe ibebwe ikatupwe nje kabisa. Msiioshe kwa maji, ukiosha unairudisha ndani. Itatoka tena baada ya wiki, fagieni tena, na tena. Kisha acheni ukuta uchi. Najua inauma, mmehamia mnataka sebule nzuri wageni wanakuja, ila wanaoshughulika na majengo ya kale wana hesabu yao, ukuta unakauka kama sentimita 2.5 kwa mwezi, sasa wa nusu mita hata ukikauka pande zote mbili ni miezi mingi. Kaskazi ikianza kuvuma na lile jua la mwezi wa kwanza na wa pili ndo rafiki yenu, fungueni madirisha pande zote upepo upite, makabati na makochi yakae mbali na ukuta kiganja kizima. Ule uvundo nao utapungua wenyewe, uvundo ni fangasi waliokuwa wanaishi nyuma ya rangi na nyuma ya kabati. Acheni masika moja ipite mkiwa humo, muone nyumba inavyokunywa maji na wapi. Plasta mje kupiga kuanzia mwezi wa sita huko.

Na hiyo plasta ni chokaa. Chokaa ya mfuko ipo, huku Tanga inachomwa kwa wingi, haina shida kupatikana. Iloweke kwenye pipa walau siku nzima, ukiiacha wiki ni bora zaidi, iwe kama uji mzito. Changanya ndoo moja ya chokaa na tatu za mchanga, mchanga wa mtoni uliochekechwa. Sio wa ufukweni hata kama ni wa bure na uko hatua mia, na maji ya kuchanganyia yawe ya bomba, sio kisima chenye ladha ya chumvi. Lowanisha ukuta kwanza, piga koti lisilozidi sentimita moja, acha lishike ndo upige la pili. Kisha usiliache likauke haraka, tundika magunia ya katani yaliyolowa mbele yake, unyunyize maji asubuhi na jioni wiki nzima. Chokaa haigandi kama simenti, inavuta hewa ya kaboni taratibu na kurudi kuwa jiwe, na ikikauka haraka inabaki unga. Vaeni glavu na miwani, ikiingia jichoni inaunguza vibaya, osheni kwa maji mengi sana na muende hospitali. Juu yake pakeni chokaa ya maji, makoti matatu manne mepesi, na kama mnapenda rangi ichanganyeni na rangi ya unga humo humo.

Fundi wako akikubishia kwamba chokaa haina nguvu mpelekeni Kaole, ni kilomita chache tu kusini mwa mji, mkaangalie magofu ya msikiti wa karne ya 13. Mawe ya matumbawe na chokaa, hamna simenti enzi hizo, kuta zimepigwa mvua na upepo wa bahari mpaka leo bado zimesimama.

Boriti. Panda ngazi uchome kwa bisibisi pale inapoingia ukutani, sio katikati, maana boriti ya mkoko katikati ni ngumu kama chuma lakini kichwa chake kilichokaa ndani ya ukuta uliolowa ndo kinaoza. Bisibisi ikiingia kirahisi, wekeni nguzo chini yake leo na mtoto asilale chumba hicho. Kama haiingii ila kuna vumbi laini na vitundu, ni wadudu tu na dawa ipo. Ikiwa ni vijia vya udongo vimepanda ukutani, huo ni mchwa, hapo itabidi niulizwe tena.

Na kwa kuwa nyumba iko Mji Mkongwe, kabla ya kubomoa chochote kikubwa au kubadilisha mlango na madirisha piteni ofisi ya Mambo ya Kale hapo hapo Bagamoyo muulize, eneo lile lina hifadhi yake.

Mkishatindua chukua penseli, chora mstari ukutani pale unyevu ulipoishia, andika na tarehe pembeni. Rudia kila mwezi. Mwezi wa pili nitumie picha ya hiyo mistari, nikiiona inashuka nitakwambia tuendelee.