Je, Armadilo Mkubwa ni Ndugu wa Kakakuona?

SWALI: Ndugu Mhariri, katika kitabu cha wanyama cha mwanangu kuna picha ya armadilo mkubwa wa Amerika Kusini, ambaye kwa ngozi yake ngumu na kucha zake ndefu anafanana mno na kakakuona wetu. Je, ni jamii moja? Na je, naye hujikunja kama mpira anapoona adui? (Msomaji, Tabora)

JIBU: Hapana, kwa maswali yote mawili. Magamba ya kakakuona ni ya keratini, kama kucha zetu, ilhali ngao ya armadilo ni vipande vya mfupa vilivyofunikwa na ngozi ngumu. Kakakuona hana jino hata moja, lakini armadilo mkubwa anaweza kuwa na meno madogo yapatayo 80 au zaidi. Kwa nasaba, kakakuona yuko karibu zaidi na simba na mbwa kuliko na armadilo. Kufanana kwao kumeletwa na maisha ya kuchimbua mchwa na sisimizi.

Wanaojikunja wakawa duara kamili ni armadilo wadogo wa jenasi Tolypeutes. Huyu mkubwa, ambaye porini huwa na uzito wa kilo 30 hadi 50, ana ngao isiyotosha kumfunika, kwa hiyo hukimbilia ardhini, akichimba kwa ukucha wa katikati wa mguu wa mbele unaoweza kufikia sentimita 20. Mashimo anayoyaacha hayapotei bure: katika Pantanal, eneo kubwa la ardhioevu la Brazili, watafiti wakiongozwa na Arnaud Desbiez, walioanza kazi yao mwaka 2010, wamepiga picha za aina zaidi ya 20 za wanyama wakiyatumia, kama ngiri wanavyohamia mashimo ya muhanga huku kwetu.

Jike huzaa mtoto mmoja tu, baada ya mimba ya takribani miezi 5, kisha hupita miaka kabla hajazaa tena. Ndiyo maana uwindaji na ufyekaji wa mapori kwa ajili ya mashamba vinamdhuru upesi, naye ameorodheshwa na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, miongoni mwa wanyama walio hatarini. Wafugaji nyuki wa Brazili nao walikuwa wakimuua kwa sababu huvunja mizinga ili ale majana, jambo ambalo ninyi wa Tabora, mnaomjua nyegere, mtalielewa bila maelezo mengi. Siku hizi baadhi yao wameinua mizinga yao zaidi ya mita moja kutoka ardhini, na armadilo haifikii.