Jaji wa rufaa akiteuliwa mahakama ya wilaya, ameshushwa cheo?

SWALI: Nimesoma kwamba jaji wa mahakama ya rufaa ya jimbo moja la Marekani ameteuliwa kuwa jaji wa mahakama ya wilaya ya shirikisho. Kwetu Tanzania hiyo ingekuwa adhabu. Ameshushwa? Na atapitia nini kabla hajaanza kazi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Hakushushwa, ndugu msomaji. Marekani ina mifumo miwili ya mahakama: kila jimbo lina wake, na serikali ya shirikisho ina wake. Huyu amehama mfumo. Mahakama za wilaya za shirikisho, ambazo ziko 94, ndizo zinazoanza kusikiliza kesi nyingi zinazohusu Katiba na sheria za nchi nzima. Usizilinganishe na mahakama zetu za wilaya.

Kinachowavuta wengi ni usalama wa kazi. Jimboni Arizona, kwa mfano, jaji wa rufaa hupigiwa kura na wananchi kila baada ya miaka 6, abaki au aondoke, na akifikisha miaka 70 lazima astaafu. Jaji wa shirikisho hana ukomo wa muda, na Katiba inakataza mshahara wake kupunguzwa akiwa kazini. Fedha si lazima ziongezeke: mwaka 2024 jaji wa wilaya alilipwa dola 243,300, na California huwalipa majaji wake wa rufaa zaidi ya hapo.

Safari huanzia kwa maseneta wawili wa jimbo, ambao mara nyingi ndio wanaopendekeza majina. Wanasheria wa Ikulu humhoji, FBI, shirika la upelelezi la shirikisho, humchunguza, kisha Rais hupeleka jina Seneti. Hapo huja dodoso la Kamati ya Sheria ya Seneti, na ndipo jasho linapowatoka. Jaji huorodhesha kila alichochapisha, hotuba alizotoa, mashauri 10 makubwa aliyoyaamua, hukumu zake zilizotenguliwa na mashauri aliyojiondoa, pamoja na mali na madeni yake. Kwa aliyekaa kitini miaka mingi, hiyo ni kazi ya wiki kadhaa. Hotuba moja ya zamani ikisahaulika, halafu seneta akaiibua kwenye kikao, itaonekana imefichwa hata kama haikuwa na ubaya.

Kikwazo kikubwa zaidi ni karatasi ya buluu. Kamati huwatumia maseneta wa jimbo husika karatasi hiyo kuuliza kama wanamkubali, na mmoja asipoirudisha, uteuzi wa jaji wa wilaya kwa kawaida hukwama bila hata kusikilizwa. Kwa majaji wa rufaa wa shirikisho, kamati iliacha kuifanya sharti mwaka 2017. Tunaona ni nguvu kubwa mno kwa mtu mmoja, maana halazimiki kueleza sababu.

Akivuka hapo, anahojiwa hadharani, anajibu maswali ya maandishi, kamati inapiga kura, kisha Seneti nzima. Tangu 2013 wingi wa kawaida unatosha hata kufunga mjadala. Mkutano wa Seneti ukimalizika kabla ya kura, jina hurudishwa Ikulu, na Rais akimtaka bado lazima alipeleke upya.

Ndiyo maana asijiuzulu mapema. Huendelea na kazi ya jimbo na kumalizia hukumu alizonazo mezani. Kura ya Seneti pekee haimfanyi jaji: Rais lazima asaini hati ya uteuzi, kisha ale viapo viwili, cha Katiba na cha ujaji.

SWALI: Ni lazima mtu aanzie ujaji wa jimbo? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana. Katiba ya Marekani haitaji umri wala hata shahada ya sheria. Sandra Day O'Connor alitoka Mahakama ya Rufaa ya Arizona, alikoingia 1979, moja kwa moja hadi Mahakama ya Juu mwaka 1981, kwa kura 99 kwa 0. Ketanji Brown Jackson hakuwahi kuwa jaji wa jimbo: alikuwa wakili wa umma wa utetezi, akawa jaji wa wilaya wa shirikisho 2013, wa rufaa 2021, na wa Mahakama ya Juu 2022. Elena Kagan aliingia Mahakama ya Juu mwaka 2010 bila kuwahi kuwa jaji popote.