Maswali na majibu: Mbona ndege yangu ya modeli haishiki kasi?

*Nimeifungia ndege yangu mota yenye nguvu mara mbili ya ile ya awali, lakini kasi imepanda kidogo tu. Nimeuziwa mota mbovu?*

Huenda mota ni nzima kabisa. Kasi ikiongezeka maradufu, ukinzani wa hewa kwenye kiwiliwili, mkia na miguu huwa mara nne, na nguvu ya kuushinda huhitajika mara nane. Ndiyo maana nguvu maradufu huongeza kasi kwa takriban asilimia 26 tu: ndege ya kilomita 100 kwa saa itafika 126 hivi. Hata hizo utazipata iwapo propela inaendana na mota; mapanga yake yakilala mno, itapiga kelele nyingi na kuvuta kidogo. Anza na ukinzani.

*Nianzie wapi? Miguu ni waya wa milimita 4 tu.*

Anzia hapohapo! Hewa haiwezi kuuzunguka waya wa mviringo hadi nyuma. Hubanduka ubavuni, ikaacha mvurugo unaoirudisha ndege nyuma. Kipande chenye umbo la tone, butu mbele na chembamba nyuma, kinaweza kuwa kinene karibu mara kumi na bado kikazuiwa na hewa kwa kiasi kilekile. Yaani waya wako ni sawa na kipande cha milimita 40 kilichochongwa vizuri. Uvike balsa (mbao nyepesi sana) iliyochongwa hivyo, au ung'oe miguu kabisa na kurusha ndege kwa mkono. Kisha kagua vijiti vya servo (mota ndogo zinazosogeza usukani) vilivyochomoza, na ujaze pembe kali pale bawa linapoungana na kiwiliwili.

*Nikikunja ncha za mabawa juu, kama za ndege za abiria?*

Kwa mbio za moja kwa moja, usijisumbue. Ukinzani unaotokana na bawa kubeba uzito hupungua kasi inapopanda: kasi maradufu, unabaki robo. Ncha hizo zitakuongezea eneo la kusuguliwa na hewa tu. Kwenye kona mambo hugeuka. Ukiilaza ndege digrii 60 bila kushuka, bawa hubeba uzito mara mbili, na ukinzani huo, kwa kasi ileile, huwa mara nne. Hata hivyo, mimi ningechagua bawa refu na jembamba kuliko ncha za kukunja.

*Kuing'arisha kunasaidia?*

Kidogo. Ondoa vumbi na mikwaruzo, basi. Kwa modeli ndogo ya mwendo wa pole, utepe mwembamba karibu na ukingo wa mbele wa bawa waweza hata kufaa zaidi, kwani hewa iliyovurugwa kidogo hung'ang'ania bawa kwa muda mrefu kabla ya kubanduka.